Wino Chini ya Mlozi

Tawrirt, 12 Oktoba 1986

Kwa mwanangu Belaid, huko Gennevilliers kwa Wafaransa,

Salamu zangu, pamoja na za kila niliyekutana naye njiani nikija hapa msikitini akaniambia, "Na mimi mwambie Belaid." Sisi wazima. Mbuzi mweusi kazaa pacha. Goti langu la kulia linafanya kazi, la kushoto limegoma. Kaburi la marehemu mkeo Fadma nimelipalilia, na Ijja kamwagia maji kwa mkono wake. Kang'oka meno mawili ya mbele huyo mwanao. Akicheka utadhani mlango umesahauliwa wazi.

Sasa nije kwenye lako. Barua yako alinisomea Maalim Mahfudhi, huyu huyu anayeniandikia sasa, maana mimi kalamu sijapata kuishika. Alinisomea mara mbili. Mara ya kwanza nilinyanyuka nikaenda zangu kabla hajamaliza. Unasema shule yetu ni chumba kimoja na mwalimu mmoja, na Ijja kaanza darasa la kwanza, na kwamba majira ya kuchipua yakifika hajajua kusoma, dada yako Zina atakuja kumchukua akasome kwake Casablanca, ambako kila mtoto ana nusu dawati lake mwenyewe. Belaid, mtoto ana makalio mangapi?

(Maalim hataki kuliandika neno hilo. Nimemwambia aandike, barua ni yangu.)

Mtoto huyu ulinipa akiwa kafungwa kwenye shali, hana jino hata moja. Nimeyangoja yaote, nimeyaona yakiota, leo yameanza kung'oka ndipo watu wa Casablanca wanamkumbuka. Lakini wewe ndiye baba, na mimi sigombani na mtu kwa karatasi. Tutagombana mwezi wa nane ukija likizo, uso kwa uso, na chai mkononi.

Umetaka nikueleze kila wiki wanafundishwa nini. Haya. Mwalimu mpya anaitwa Saadia, binti wa mji wa Safi, mwembamba kama ufito. Tunamlisha kwa zamu nyumba kwa nyumba, kama tunavyomlisha Maalim, na mimi nimewaambia wenzangu Ijumaa zote waniachie. Lugha yetu haijui hata neno, nami Kiarabu changu ni cha kununulia chumvi tu, kwa hiyo Ijja anakaa katikati anatafsiri. Ijumaa ya kwanza nikamwambia, "Mwulize wiki hii kawafundisha nini."

Akauliza. Yule binti akaongea weee, mikono hewani, kuskusi inapoa.

"Anasema: kukaa," Ijja akaniambia.

"Maneno yote yale ni kukaa?"

"Na kuinua kidole kabla ya kusema, Bibi. Wewe ungeshafukuzwa."

Wiki ya pili wakajifunza herufi dal. Ijja anasema ni kama mtu aliyeinama akivuna shayiri. Na kuhesabu mpaka tano kwa kokwa za zeituni, ambapo mtoto wa Idder kameza ya tano wakabaki na nne. Wiki ya tatu ni ba, na wimbo wa mvua. Wimbo wameuimba Jumatatu, mvua imenyesha Jumatano. Zina ana shule kama hiyo huko kwake?

Mama yako, Yamna.


Gennevilliers, 5 Novemba 1986

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mkono na kichwa. Mimi mzima, ila baridi imeanza na mikono inanuka rangi ya magari hata nikila. Chumbani tuko wanne kama zamani. Anayeniandikia ni Musa wa Tiznit, anakusalimu, anasema umemchekesha mpaka jirani kagonga ukuta.

Mama, habari za masomo ziandike kwa utulivu. Umesema dal ni mtu aliyeinama, lakini hukusema kama inashikana na herufi inayoifuata au inaiacha peke yake. Ba nukta yake iko juu au chini? Na wakifika kwenye mim, mkia wake unashuka au unapanda? Mwulize Mwalimu vizuri.

Bihi, mtoto wa hapo kijijini, anakuja huko Desemba kuoa. Akirudi huku Januari mpe daftari la Ijja aniletee. Nataka kuliona kwa macho yangu. Usisahau hilo, Mama. Daftari.

Mwanao Belaid.


Tawrirt, 30 Novemba 1986

Mwanangu Belaid,

Salamu, na za mbuzi. Zeituni zimevunwa, kijiji kizima kimenuka mafuta. Ijja anakula vizuri, umekaa hukuuliza. Baba gani anauliza mkia wa herufi kabla hajauliza mwanawe kala nini? Nilimwambia Maalim asome tena, nikidhani kakosea barua.

Lakini nimeuliza. Ijumaa nilimkamata yule binti wa Safi hata hajavua viatu. Dal haishikani na inayoifuata, inaipa mgongo kama jirani yetu Idder. Nukta ya ba iko chini, moja. Mim mkia wake unashuka, kama wa panya anayeingia shimoni. Umeridhika? Hakimu wa Taroudant haulizi hivyo. Najua unachotafuta, Belaid. Unatafuta mahali nitakapokosea useme, "Haya, Zina aje." Hukipati.

Wiki nyingine walijifunza watu wa nyumbani: baba, mama, kaka, dada. Kwenye picha ya kitabu baba kakaa kitini anasoma gazeti. Ijja akainua kidole akasema, "Baba yangu mimi anapaka rangi milango ya magari." Mwalimu akasema hiyo ni nzuri kuliko ya kitabuni. Niliposikia hilo nilimwongezea nyama.

Wiki iliyopita ni usafi. Kucha, masikio, kitambaa cha mkono. Mwalimu kawaambia kila mtoto aje na daftari safi, na atakayekuwa na daftari safi kuliko wote atapata nyota ya karatasi nyekundu. Basi daftari la Ijja usilitie wasiwasi. Ni safi. Sus yote hii hakuna daftari safi kama lile.

Kuni zinaniisha, nakomea hapa.

Mama yako.


Gennevilliers, 26 Desemba 1986

Mama yangu,

Nakubusu mkono. Bihi atakuwa ameshafika, nimempa blanketi lako na viatu vya Ijja. Vikimbana, msivichane mbele, ngojeni nije.

Barua yako imeisha kama mtu aliyeitwa nje. Kuni unazo, uliniambia mwezi wa tisa zimejaa mpaka darini. Kuna nini?

Zina kaniandikia. Anasema shule ya mtaani kwao nafasi ya Ijja ipo, na baada ya likizo ya machipuo atapanda basi aje. Sijamjibu. Nangoja daftari. Mpe Bihi, tafadhali, hata kama lina madoa. Madoa hayanisumbui.

Belaid.


Tawrirt, 18 Januari 1987

Belaid mwanangu,

Salamu. Arusi ya Bihi ilikuwa nzuri, bibi arusi ni mrefu kuliko yeye, wanapendana. Blanketi nimelipokea. Viatu vinamtosha Ijja akivaa soksi mbili.

Bihi kaondoka bila daftari. Huko utasikia maneno yake na ya mama yake, na ya mama yake yana chumvi, kwa hiyo sikiliza yangu kwanza.

Niliosha.

Andika, Maalim, usinitazame. Niliosha daftari.

Wewe chuoni kusoma Kurani ulikaa msimu mmoja tu, ukakimbilia mbuzi, lakini ubao unaukumbuka. Mtu anaandikiwa somo, analisoma mpaka liingie kichwani, likishaingia ubao unaoshwa kwa udongo mweupe, unakaushwa juani, anaandikiwa jingine. Mbao za kaka zangu wote nilikuwa nikiziosha mimi kisimani. Wao walisoma, mimi nikaosha. Nilikuwa muoshaji mzuri, hata marehemu baba alisema. Sasa Ijja kaja na lile daftari limejaa wino wa buluu mpaka ukingoni, kurasa zote, na kila kilichoandikwa humo anakijua. Nilimsikiliza mwenyewe: dal, ba, mim, ra, baba, bibi, mvua, moja mpaka ishirini, hakuteleza. Limeingia kichwani. Na mwalimu kasema: safi. Ungefikiri nini?

Basi alfajiri, mtoto kalala, nikachukua udongo mweupe na beseni. Nikaosha ukurasa mmoja mmoja, taratibu, kama ninavyoosha uso wa mtoto. Wino ukatoka vizuri. Nikafurahi. Nikaosha nyingine. Maji ya masomo hayamwagwi penye kukanyagwa na watu, hilo nalijua, nikayamwaga chini ya mlozi. Kisha daftari nikalianika juu ya paa kwenye jua pamoja na tini.

Jua limeshakuwa kali, Ijja akaamka. Akapanda juu ya paa. Kisha nikasikia, "Bibi, hiki ni nini?"

"Daftari lako. Safi. Nenda kachukue nyota."

"Bibi, hiki ni mkate."

Na kweli, Belaid, lilikuwa limekauka likafanana na mkate wa juzi, wenye rangi ya mbingu. Akalia. Nami nikalia, lakini nilimwambia ni moshi. Nikamvika shali tukaenda shuleni pamoja, daftari nimelibeba juu ya sinia, maana mkononi lilikuwa linamomonyoka. Nikainua kidole mlangoni. Mwalimu Saadia akalitazama, akanitazama mimi, akatazama kucha zangu zenye udongo mweupe. Akageukia ubao wake mweusi. Nikaona mabega yanatikisika. Nikamwambia Ijja, "Tumemliza mtoto wa watu." Kumbe anacheka, alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yalimtoka kweli. Kwao Safi babu yake alikuwa maalim wa chuo. Akaniambia, na Ijja akatafsiri, "Hata babu angeosha."

Nyota kampa Ijja. Kabandika kwenye sinia.

Hiyo ndiyo habari yote. Kosa ni langu, si la shule wala si la mtoto. Ukitaka kukasirika kasirika na mimi, nina mgongo mpana. Lakini usinichukulie Ijja kwa udongo nilioshika mimi. Sikuombi mara mbili.

Mama yako.


Tawrirt, 1 Machi 1987

Belaid,

Salamu. Hujajibu. Kila siku ya soko naenda kwa mwenye duka anayepokea barua, na kila siku ya soko ananiambia, "Hamna, Mama Yamna," kabla sijafika mlangoni. Juzi nimenunua kwake viberiti visivyo na kazi, nisionekane nimekwenda bure.

Umekasirika. Sawa. Masomo nitakuandikia hivyo hivyo, nilikuahidi.

Mwalimu kampa Ijja daftari jipya, kasema aandike upya yote yaliyokuwamo katika lile la kwanza, bila kuangalia kwa mtu. Kila jioni baada ya kulisha mbuzi anakaa karibu na moto anatoa kichwani, mimi nikimshikia taa. Akikwama anatafuna shungi la nywele, kisha anakumbuka. Mimi simsaidii, ningemsaidia na nini? Ila kuna usiku mmoja alikwama kwenye mim, nikasema, "Panya," akaandika. Hilo moja alilipata kwangu. Sasa kamaliza yote na kapita pale walipokuwa wenzake.

Wiki mbili zilizopita wamefundishwa taa za barabarani. Nyekundu simama, kijani pita. Nikamwuliza Mwalimu, taa hiyo iko wapi hapa Tawrirt? Akasema haipo, ila iko kitabuni, na kilichoko kitabuni lazima akifundishe. Watoto wameipenda kuliko masomo yote. Sasa Ijja anasimama kwenye njia ya kisima na kitambaa chekundu, anazuia punda. Punda wa Idder ameelewa. Idder bado.

Wiki hii ni miti na maua. Mlozi wetu umechanua kabla ya mingine yote ya bondeni, kila mtu amekuja kuutazama. Watu wanasema umesoma. Maalim Mahfudhi hapa anatikisa kichwa, lakini na yeye alikuja.

Zina kanitumia salamu kwamba nguo za Ijja nizifue, anakuja baada ya likizo. Sijazifua.

Nijibu, hata kwa matusi.

Mama yako.


Gennevilliers, 20 Machi 1987

Mama yangu,

Nakubusu mkono na kichwa na goti lililogoma. Nisamehe kwa kukaa kimya. Musa anaandika haya na nimemwapisha asimwambie mtu yeyote hapa hosteli.

Sikukasirika, Mama. Barua yako ya daftari iliposomwa nilicheka, kisha nikaona haya, kisha nikashindwa kukujibu. Maana ungeuliza daftari nilikuwa nalitakia nini, na jibu nilikuwa sijalisema hata kwa Musa.

Mwaka jana mwezi wa tisa alikuja hapa mwanafunzi mmoja, kijana wa Oujda, akafungua darasa la kusoma Kiarabu kila Jumapili, kwa ajili ya sisi watu wazima. Nikaenda. Tulikuwa wengi, tumekaa na mikono yetu ya rangi, tunasema ba, ba, kama wana-kondoo. Nikawaza, Ijja na mimi tumeanza mwaka mmoja, twende pamoja. Ndiyo sababu nilikuuliza mikia na nukta. Sikuwa nakutega, Mama. Nilikuwa sijaelewa. Mwezi wa kumi na moja yule kijana akapata kazi Lyon, akaondoka, darasa likafa. Nikasema si kitu, daftari la mwanangu litakuja na Bihi, nitafuata humo.

Kisha ukaliosha.

Nina miaka thelathini na nne na nilikuwa nangoja kunakili kwa mtoto wa miaka saba. Haya ndiyo yaliyonifunga mdomo, si hasira.

Habari ya Zina: nimemwambia angoje kwanza. Sijamwambia hapana. Kwake kuna shule nzuri kweli, Mama, na mimi sitaki Ijja akae siku moja kwenye foleni ofisini huku anamwuliza mtu wa pembeni, "Hapa pameandikwa nini?" Jambo hilo ndilo linaloniamsha. Nataka tu niwe na hakika.

Belaid.


Tawrirt, 12 Aprili 1987

Belaid, mwanangu mimi,

Barua yako niliposomewa nilimfukuza Maalim msikitini kwake mwenyewe nipate kukaa peke yangu kidogo. Sasa nimemwita tena.

Mjinga wewe. Ungeniambia mwezi wa kumi, ningekuandikia herufi kwa unga wa shayiri ndani ya bahasha. Unaona haya kwa kunakili kwa mtoto? Mimi uji wangu naongeza chumvi Ijja akiniambia niongeze. Mtu anachukua kwa anayejua, hata akiwa hana meno ya mbele. Na sasa meno yameota, makubwa, kama ya kwako.

Sikiliza. Mke wa Bihi kapata karatasi zake, anakuja huko kwa mumewe. Ndani ya sanduku lake, kati ya kaftani za arusi, nimetia ubao. Ni wa baba yako. Ulikuwa unashikilia mlango wa banda la mbuzi, nimeuosha, na safari hii kuosha kulikuwa mahali pake. Ijja kauandika pande zote mbili kwa kalamu ya tete na wino wa sufu ya kondoo iliyochomwa, alioupika Maalim. Upande wa kwanza ni herufi zote walizosoma, na kando ya kila moja kitu chake: dal na mvunaji, mim na panya. Upande wa pili kaandika maneno ya wiki zote mpaka sasa, mpaka taa za barabarani. Hakuna aliyemsemea. Mwalimu alikaa mlangoni na mimi nilikaa mlangoni, tukala lozi.

Ujifunze upande mmoja, ukiingia kichwani uuoshe, kisha ule mwingine. Udongo mweupe nimeufunga kwenye kitambaa, uko ndani ya kiatu cha bibi arusi. Maji usimwage chooni, nitajua. Tafuta mti.

Na kabla hujaosha chochote, mwonyeshe Musa. Musa ndiye anayejua kusoma kati yenu, na hanijui, hana sababu ya kunipendelea. Akisema mwanao hajui, basi nitafua zile nguo mwenyewe na Zina aje. Nimesema.

Wiki hii wanasoma wanyama wa nyumbani. Ijja kampeleka mbuzi mweusi darasani bila kuambiwa. Kala ramani.

Mama yako.


Gennevilliers, 10 Juni 1987

Mama.

Hii naandika mimi. Musa kalala.

Musa kasoma ubao. Musa kasema, mimi darasa la pili sikujua hivi.

Nimeosha pande zote. Hapa mti ni mmoja. Uko kwenye kituo cha basi. Nimemwaga hapo. Watu wamenitazama. Mimi nimeinua kidole.

Ubao unarudi na mzee Lhu wa kwetu, anastaafu. Jibu langu liko juu yake. Maalim asisome. Ijja asome.

Belaid.


Tawrirt, 5 Julai 1987

Kwa mwanangu Belaid anayeandika,

Salamu za kijiji kizima, maana hakuna ambaye hakuwepo.

Mzee Lhu alishuka kwenye gari la soko na masanduku matatu na mke wake anamlilia shingoni, mimi nikapita katikati yao nikasema, "Karibu nyumbani, ubao uko wapi?" Ulikuwa umefungwa kwenye shuka. Nikaubeba mpaka shuleni. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo, watoto wanafagia, Mwalimu Saadia kashafunga mizigo yake ya Safi. Maalim Mahfudhi alinifuata nyuma anasema anapita tu njia.

Nikafungua shuka nikaona mstari mmoja. Mmoja, Belaid! Mkubwa, umepinda, unapanda kama njia ya kwetu. Kipande kirefu cha mbao na mstari mmoja. Nikamwona Maalim ananyoosha shingo, nikaugeuzia ubao kifuani, nikamwambia, "Wewe inama." Kisha nikampa Ijja.

Akauweka magotini. Akatia kidole kwenye herufi ya kwanza. Akatafuna shungi.

"Ijja," akasoma. Hilo hata mimi ningesoma, nilisema moyoni.

"Ba... ki."

Watoto wameacha kufagia.

"Na."

Nikatazama chini. Ungeweza kuandika baki na Zina. Ungeweza kuandika baki na heri. Nilikuwa nimeshazifua zile nguo, Belaid. Juzi yake, kwa siri, nilizifua nikazikunja, kwa kuwa jibu lako nilikuwa silijui.

"Bibi," Ijja akasema.

"Nini? Soma."

"Ndiyo nimesoma. Bibi. Pameandikwa Bibi. Ijja baki na Bibi."

"Soma tena, huenda umeruka neno."

Akanitazama na yale meno yako makubwa. "Inua kidole kwanza."

Nikainua. Mbele ya Maalim, mbele ya Idder na punda wake aliyekuwa dirishani, nikainua kidole. Akasoma tena. Kisha kila mtoto akataka kusoma, wakapanga foleni, mmoja mmoja, hata yule aliyemeza kokwa, na kila aliyefika mwisho akalitamka jina langu kwa sauti. Jina langu lingine, hilo la Bibi. Sikujua lina herufi chache hivyo. Mwalimu Saadia kasema mwezi wa tisa anarudi, na kaomba Ijumaa zake zisiguswe.

Zina nimemtumia lozi za mti wetu, mfuko mzima, na salamu bila neno baya hata moja. Uliza uone.

Wewe njoo mwezi wa nane kama ulivyosema. Ule ugomvi wetu nimeughairi, chai iko pale pale. Ijja anasema utakaa naye mbele ya moto na kuendelea pale ulipokomea, na kwamba ba yako ina tumbo mno.

Maalim ananiuliza, ubao nikuoshee lini Ijja akuandikie somo jingine. Anasema ndiyo desturi: kilichokwisha kuingia kichwani kinaoshwa. Desturi naijua, nimeosha tangu usichana, sijafunga mkaja. Nimemwambia atafute ubao mwingine achonge. Huu nimeutundika juu ya kitanda changu, ninapoamka nauona. Udongo mweupe nimeuficha, hata mimi nisiuone.

Huu siuoshi.

Mama yako, Yamna.